Mtu wa 27

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 nilikuwa mbele ya kompyuta, macho mazito, nikiangalia Atlanta Braves, timu ya besiboli ya Marekani, wakicheza ugenini Miami. Awamu ya tano kati ya tisa za mechi, mpira ukapigwa juu kuelekea upande wa kulia wa uwanja. Ronald Acuña Jr., nyota wa Braves, akarudi nyuma mbio, akaruka, akaukosa. Alipotua, mguu wa kulia ukamsaliti. Alichechemea hatua chache, akainama, akaanguka. Mpira ulikuwa bado unazagaa nyuma, na mpigaji wa Miami akazunguka besi zote nne, vile vituo vya kukimbilia, hadi nyumbani alikoanzia bila mtu kumzuia. Kisha kikaja kigari kumbeba Acuña. Mtu yeyote aliyewahi kuangalia soka hakuhitaji daktari: hilo lilikuwa goti.

Vipimo vikathibitisha. Ligamenti ya mbele ya goti imekatika, msimu umekwisha. Kijana wa miaka 23, homurani 24 (pigo linalomzungusha mpigaji besi zote hadi nyumbani) katika mechi 82, mtu ambaye timu nzima ilianza naye kila siku. Tena Braves wenyewe walikuwa wanasuasua: leo wanashinda, kesho wanapigwa. Nilizima kompyuta nikiwa nimeshawasomea hitma.

Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo Braves wakawafunga Houston Astros 7 kwa 0 katika mechi ya sita na kutwaa World Series, fainali ya mabingwa wa ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani; ulikuwa ubingwa wao wa kwanza tangu 1995. Acuña alikuwa amevaa jezi, anashangilia, goti limefungwa.

Tangu hapo nimekuwa na tabia moja ambayo marafiki wananicheka nayo. Nyota akiumia, wenzangu wote wanatafuta habari za nyota: ameumia wapi, atakaa nje miezi mingapi, nani wa kulaumiwa. Mimi naenda moja kwa moja kutafuta jina la anayeingia. Timu ya ligi kuu ya Marekani inasajili wachezaji 26 wa kucheza kila siku. Mmoja akiwekwa kwenye orodha ya majeruhi, siku 10 kwa wapigaji (wenye gongo), 15 kwa warushaji (wanaowarushia mpira wapigaji), au 60 kama hali ni mbaya, mwingine anapigiwa simu kutoka ligi ndogo. Mimi namwita mtu wa 27. Yeye ndiye hadithi.

Ili hilo lieleweke, inabidi tukubali jambo ambalo mashabiki waliokulia kwenye soka na kikapu hulipata kwa shida. Kwenye kikapu, mchezo ukibana, kila mtu anajua mpira aende kwa nani. Kwenye soka nyota akiwa na siku yake wenzake watamtafuta kwa pasi hadi dakika ya tisini. Kwenye besiboli huwezi kumpigia nyota pasi. Wapigaji ni tisa na wanapanga foleni. Awe bora duniani, atasubiri wanane wengine wapige kwanza, na kwa mechi nzima atapata zamu nne, au tano ikiwa usiku ni mzuri. Awamu ya tisa, timu iko nyuma kwa pointi moja, mwenye gongo mkononi anaweza kuwa yule dhaifu kuliko wote, na nyota ameketi kwenye benchi anatafuna mbegu za alizeti.

Ndiyo maana hesabu yake huwashangaza watu. Wachambuzi wa takwimu hukadiria kwamba timu iliyojaa wachezaji wa akiba watupu, wale wanaopatikana wakati wowote kwa bei ya chini, ingeshinda mechi 48 hivi kati ya 162. Mchezaji wa kiwango cha kuitwa bora wa mwaka huongeza kama ushindi 8 juu ya mtu wa akiba. Nane tu, kwa msimu mzima. Akiumia katikati ya msimu umepoteza nne. Nne zinaweza kukunyima nafasi ya mtoano, sikatai, lakini si msiba ule tunaoulilia usiku ule kigari kinapoingia uwanjani.

Sasa rudi Atlanta. Siku tano baada ya goti la Acuña, meneja mkuu Alex Anthopoulos akamchukua Joc Pederson kutoka Chicago Cubs. Tarehe 30 Julai, siku dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa, akawaleta watatu kwa mpigo: Adam Duvall, Jorge Soler na Eddie Rosario. Hakuna hata mmoja aliyekuwa Acuña. Rosario alifika akiwa yeye mwenyewe ni majeruhi, misuli ya tumbo. Lakini tazama kilichofanyika: Anthopoulos hakutafuta nyota wa kuziba pengo la nyota. Aliweka watu wanne wa kawaida mahali ambapo, ukijumlisha Acuña na wengine waliokuwa nje, palikuwa pamejaa watu chini ya kawaida. Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi yao dhidi ya Dodgers. Soler akawa mchezaji bora wa World Series, na ile homurani yake ya mechi ya sita, iliyoruka hadi nje ya uwanja wa Houston, bado naiona nikifumba macho.

Na hata hivyo Braves walimaliza msimu wa kawaida na ushindi 88, mchache kuliko wa timu yoyote iliyoingia mtoano mwaka ule. Watu husahau hilo. Hawakuwa wamepona. Walikuwa wamejishikilia tu hadi Oktoba, na Oktoba ina mambo yake.

Mechi ya kwanza ya World Series hiyo ina picha nyingine ya jeraha ambayo siwezi kuiacha. Charlie Morton, mrushaji wa kuanza wa Braves, miaka 37, alipigwa na mpira mguuni katika awamu ya pili. Akaendelea. Akarusha mara 16 zaidi, akawatoa watu watatu, wa mwisho wao Jose Altuve wa Astros kwa straiki tatu (nafasi tatu alizoshindwa kuzitumia kupiga), kisha mguu ukagoma. Picha za eksirei zilionyesha mfupa mdogo wa muundi umevunjika. Yaani alimtoa Altuve akiwa amesimama juu ya mfupa uliovunjika.

Habari ya Morton inanileta kwa warushaji, na hapa hesabu yangu ya ushindi nane haitoshi tena.

Mpigaji akiumia, pengo lake ni lake. Unaweka mtu upande wa kulia wa uwanja na maisha yanaendelea, vibaya au vizuri. Mrushaji wa kuanza akiumia, kazi yake haiondoki naye. Mtu huyo alikuwa akianza mechi kama 32 na kubeba labda awamu 180 kwa mwaka. Awamu hizo lazima zirushwe na mkono wa mtu. Atakayempokea atatoka mapema, awamu ya nne badala ya ya saba. Wale wa akiba wanaosubiri nyuma ya ukuta wataingia mapema, watarusha leo, watarusha kesho, na keshokutwa watakuwa wamechoka. Mkono uliochoka ndio unaoumia. Mwezi mmoja baadaye unaona majina matatu kwenye orodha ya majeruhi na unadhani ni bahati mbaya mara tatu, kumbe ni jeraha lilelile moja linatembea.

Kiwiko ndicho kidonda cha mchezo huu. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wa Tommy John, mrushaji wa Dodgers wa mkono wa kushoto, akaishona mahali pa ligamenti iliyokatika kwenye kiwiko. John alikaa nje msimu wote wa 1975, akarudi 1976 na akarusha hadi 1989. Kati ya ushindi wake 288, 164 ulikuja baada ya upasuaji. Siku hizi upasuaji huo unaitwa kwa jina lake, na kwa timu maana yake ni kalenda: mrushaji wako ameondoka kwa mwaka na zaidi, panga upya.

Lakini jeraha dogo ndilo linalonitisha zaidi kuliko kiwiko. Mwaka 1937 Dizzy Dean wa St. Louis Cardinals, mtu aliyeshinda mechi 30 mwaka 1934, alipigwa na mpira kwenye kidole cha mguu katika mechi ya nyota wote mjini Washington. Kidole tu! Akarudi uwanjani kabla hakijapona. Kwa kukwepa maumivu akabadilisha jinsi anavyotua na anavyorusha, na mkono ukalipa deni la mguu. Hakuwa tena Dean yule. Msimu uliofuata ulipoanza, Cardinals walikuwa wameshamwuza kwa Cubs. Nikisikia kocha anasema nyota "anajisikia vizuri, atacheza kwa maumivu kidogo", hicho kidole hunijia akilini.

Tatizo la kurudi mapema, au kurudi kwa wakati lakini nusu mtu, halizungumzwi vya kutosha. Acuña alirudi Aprili 2022, akapiga homurani 15 katika mechi 119, wastani wa kupiga .266. Si takwimu mbaya kwa mtu mwingine. Kwake zilikuwa za mtu anayefikiri kabla ya kukimbia. Mwaka uliofuata, goti lilipokuwa limesahaulika, akapiga homurani 41 na kuiba besi 73 (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa), jambo ambalo hakuna mwanadamu aliyewahi kulifanya katika msimu mmoja, na kura zote za mchezaji bora wa ligi zikaenda kwake. Kwa hiyo goti la Julai 2021 lilikula pia 2022, ingawa orodha ya majeruhi ilisema amepona.

Kuna nafasi moja uwanjani ambayo takwimu haziitendei haki, nayo ni ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Tarehe 25 Mei 2011 mkimbiaji wa Florida Marlins alimvaa Buster Posey wa San Francisco Giants akijaribu kufika nyumbani, awamu ya 12. Mfupa wa mguu ukavunjika, ligamenti za kifundo zikakatika. Giants walikuwa mabingwa watetezi. Warushaji wao waliendelea kurusha vizuri, lakini timu ikashindwa kabisa kupata pointi: hakuna timu katika ligi yao iliyofunga chache kuliko wao mwaka huo. Walimaliza na ushindi 86 na kukosa mtoano.

Cha kusikitisha ni walicholipa njiani. Mwezi Julai, wakitafuta gongo la kuwaokoa, walimchukua Carlos Beltrán kutoka New York Mets kwa kumtoa kijana mmoja mrushaji wa ligi ndogo aitwaye Zack Wheeler. Beltrán naye akaumia mkono na kukaa nje sehemu ya Agosti. Msimu ulipokwisha akaondoka. Wheeler leo ni miongoni mwa warushaji bora wa kizazi chake, na San Francisco hakuwahi kuwarushia hata mpira mmoja katika ligi kuu. Bili ya kifundo cha Posey ilikuwa inaendelea kufika miaka mingi baada ya kifundo chenyewe kupona. Posey alirudi 2012, akawa mchezaji bora wa ligi na Giants wakawa mabingwa tena, na mwaka 2014 ligi ikaweka sheria ya kuwalinda wadakaji dhidi ya kugongwa namna ile.

Nitaje na Los Angeles Angels, maana kila mtu hunitajia. Walikuwa na Mike Trout na Shohei Ohtani (huyu hupiga na kurusha pia) kwa pamoja kuanzia 2018 hadi 2023, wawili ambao ungewaweka kwenye timu ya ndoto bila kufikiri, na katika misimu yote sita hawakushinda mechi nyingi kuliko walizopoteza hata mara moja. Mashabiki wao husema ni majeraha. Na kweli, Trout alicheza mechi 36 tu mwaka 2021 kwa sababu ya misuli ya kigimbi, na 82 mwaka 2023 baada ya kuvunjika mfupa wa mkono. Agosti 2023 alirudi, akacheza mechi moja, akarudishwa kwenye orodha siku iliyofuata. Siku hiyohiyo ya pili Ohtani aliwapigia homurani yake ya 44 awamu ya kwanza, na katika awamu ya pili akaacha kurusha na kuondoka uwanjani: ligamenti ya kiwiko. Mechi zilikuwa mbili siku hiyo. Katika ile ya pili Ohtani alirudi na gongo na kupiga kama vile hakuna kilichotokea. Angels walimaliza na ushindi 73.

Sikubaliani nao, pamoja na huruma yote. Mwaka 2022 Ohtani alikuwa mzima, Trout alipiga homurani 40, na ushindi ulikuwa 73 vilevile. Majeraha hayakuiangusha Angels. Yaliwaonyesha tu watu nyuma ya pazia kulikuwa na nani.

Linganisha na Texas Rangers wa 2023. Walimpa Jacob deGrom mkataba wa dola milioni 185, akaanza mechi sita, wakashinda zote sita, kisha kiwiko kikaisha na akapasuliwa Juni. Katika mechi ya tatu ya World Series wakampoteza Max Scherzer kwa mgongo na Adolis García kwa misuli ya ubavu, usiku mmoja. Wakashinda mbili zilizofuata na kubeba kombe. Au Dodgers wa 2024: karibu timu nzima ya warushaji wa kuanza ilikuwa hospitali, Mookie Betts alivunjika mkono Juni, Freddie Freeman aliteguka kifundo mwishoni mwa Septemba kiasi kwamba kukimbia kwake kulikuwa kichekesho cha huzuni. Mechi ya kwanza ya World Series, awamu ya 10, besi zote zimejaa, wawili wametoka, Freeman huyohuyo akaupeleka mpira nje na pointi nne zikaingia pamoja. Yankees wakafungwa 6 kwa 3. Mtu anayepiga mpira nje hahitaji kukimbia. Bila shaka Dodgers wana fedha za kununua mtu wa 27, wa 30 na wa 35, na sitajifanya fedha si sehemu kubwa ya jibu.

Lakini nilianza na Atlanta na bado sijawamaliza.

Tarehe 26 Mei 2024, mjini Pittsburgh, Acuña alianza kuelekea besi ya tatu, akasita, akageuka, na safari hii goti la kushoto ndilo lililotoa. Akaanguka, akanyoosha mkono kulionyesha. Miaka mitatu karibu kamili baada ya Miami. Nilikuwa macho tena, na kwa mara ya kwanza sikuogopa. Nilisema moyoni, hawa wanajua njia.

Kumbe na wao walifikiri hivyo. Duvall alikuwa amesharudi kikosini. Julai wakamsajili tena Rosario. Dirisha lilipokaribia kufungwa wakamrudisha na Soler. Watatu kati ya wale wanne wa 2021, jezi ileile! Duvall hakuweza kupiga. Rosario aliachwa kabla Julai haijaisha. Soler alijitahidi. Tofauti ni kwamba 2024 pengo halikuwa moja. Spencer Strider, mrushaji wao mkuu, alikuwa amepasuliwa kiwiko tangu Aprili. Ozzie Albies akavunjika kifundo cha mkono Julai. Austin Riley akavunjika mkono Agosti, dirisha likiwa limeshafungwa na hakuna mahali pa kununua. Hapo ndipo hesabu ya nyota mmoja kuwa ushindi nne inapokoma, kwa sababu mtu wa 27 sasa anaziba pengo la mtu wa 27.

Waliingia mtoano siku ya mwisho kabisa, baada ya mechi mbili dhidi ya Mets kwa siku moja. Chris Sale, mrushaji bora wa ligi mwaka huo, ushindi 18, alitarajiwa kuanza ya pili. Mgongo ukakaza, hakuanza. Kesho yake, tarehe 1 Oktoba, walikuwa San Diego kwa mechi ya kwanza ya mtoano, na mgongo wa Sale ulikuwa vilevile.

Aliyepanda kile kilima kidogo cha mrushaji alikuwa AJ Smith-Shawver, miaka 21, aliyekuwa ameanza mechi moja tu ya ligi kuu msimu mzima, nayo mwezi Mei. Nilimwona anapapasa mchanga kwa kiatu, uwanja unapiga kelele. Fernando Tatis Jr. akapiga homurani awamu ya kwanza. Kijana hakumaliza awamu ya pili. Alishuka taratibu, akampa kocha mpira, akaenda kuketi.